Roketi Ikishatua, Kazi Ndiyo Inaanza

Usiku wa tarehe 21 Desemba 2015, hatua ya kwanza ya roketi ya Falcon 9 ya kampuni ya SpaceX, yaani sehemu ya chini inayoiondoa roketi ardhini, iliachana na mzigo wake angani, ikageuka, ikarudi Cape Canaveral na kusimama wima kwa miguu yake. Video ile imetazamwa mpaka vijiweni kwetu. Tarehe ninayoienzi mimi ni nyingine: 30 Machi 2017, siku ambayo hatua ya kwanza iliyokwisha kuruka Aprili 2016 iliruka mara ya pili, safari hii ikiisukuma setilaiti ya SES-10. Kati ya kutua kwake mara ya kwanza na kuruka huku ulipita karibu mwaka mzima. Mwaka huo hauna video ya kusisimua. Una watu wenye tochi, kamera nyembamba za kupenyeza ndani ya mirija, na makaratasi ya vipimo. Miaka minane baadaye, Machi 2025, hatua nyingine ya Falcon 9 iliruka, ikatua, na ikaruka tena baada ya siku 9. Ukitaka kujua maendeleo ya roketi za kutumika tena yako wapi, tazama hapo: mwaka mmoja umekuwa siku 9.

Kazi yangu ni kutunza turbaini za gesi, zile zinazochoma gesi ya Songo Songo kuzalisha umeme hapa Dar es Salaam. Jambo la kwanza unalofundishwa na waliokutangulia katika kazi hii ni kwamba mtambo hauzeeki kwa saa peke yake. Unazeeka kwa kuwashwa na kuzimwa. Turbaini inayozunguka mfululizo, bila kusumbuliwa, ukiifungua unaweza kukuta mapanga yake bado yako vizuri. Ile inayowashwa asubuhi na kuzimwa usiku, hata kama saa zake ni chache, utakuta nyufa ndogo kwenye mizizi ya mapanga na kwenye kuta za chemba ya mwako. Metali ikipata moto hutanuka, ikipoa husinyaa, na upande uliowahi kupata moto hugombana na upande uliochelewa. Ndiyo maana watengenezaji hututaka tuhesabu vitu viwili, saa na idadi ya kuwashwa. Mtambo ukizimika ghafla ukiwa na mzigo kamili, kuzimika huko huhesabiwa sawa na kuwashwa mara kadhaa.

Sasa ichukue hesabu hiyo uipeleke kwenye roketi. Injini ya roketi ya mafuta kimiminika nayo ina turbaini. Kazi yake ni kuzungusha pampu zinazosukuma mafuta na oksijeni kwenda kwenye chemba. Ya kwetu tunaipandishia joto na mzigo kwa dakika kadhaa, tukiitazama. Ya roketi inakaa jirani na oksijeni kimiminika, nyuzi 183 chini ya sifuri, halafu inafika nguvu kamili ndani ya sekunde chache. Inafanya kazi dakika mbili na nusu hivi, inazimwa. Falcon 9 ikiwa inarudi nchi kavu, injini ya katikati itawashwa tena mara tatu: kugeuza safari, kupunguza kasi kabla ya kuingia kwenye hewa nzito, na kutua. Jumla mara nne ndani ya dakika nane hivi. Fundi wa turbaini akisikia hivyo anashika kichwa. Na bado ziko hatua za kwanza za Falcon 9 ambazo zimekwisha kuruka zaidi ya mara 30. Kwangu mimi hayo ni kati ya mafanikio makubwa kabisa ya uhandisi wa mitambo tuliyoyashuhudia sisi tulio hai.

Roketi ninazozizungumzia ni za daraja la kati, ambazo kwa kawaida huhesabiwa kuwa zinabeba kati ya tani 2 na tani 20 hadi mzingo wa chini wa dunia, yaani njia ya jirani ya kuizunguka dunia. Falcon 9 iko ukingoni mwa daraja hilo. Ukikubali kuitupa baharini inabeba mpaka tani 22.8, ukiibakizia mafuta ya kurudi na kutua juu ya tishari, mzigo unashuka hadi kama tani 17. Neutron, roketi ambayo kampuni ya Rocket Lab iliitangaza Machi 2021, imepangiwa tani 15 ikitupwa, tani 13 ikitua baharini, na tani 8.5 ikirudi pwani ilikotoka. Tofauti hizo ndizo nauli ya kurudi. Wapo wanaosema nauli hiyo ni kubwa mno. Mimi naona hoja yao ina nguvu au haina kutegemea jambo moja tu, nalo ni hali ya injini inaporudi. Hatua ya kwanza ina injini tisa. Ya pili ina moja. Ukizipata zile tisa zikiwa nzima umerudisha sehemu kubwa ya fedha yako. Ukilazimika kuzivua zote na kuzifungua, umerudisha vyuma.

Hilo lilikwisha kuonekana. Vyombo vya Space Shuttle vya Marekani viliruka mara 135 kati ya 1981 na 2011, na injini zake kuu zilitengenezwa zitumike tena na tena. Zilikuwa injini za ajabu, zinachoma haidrojeni kwa ufanisi ambao mpaka leo ni wachache wanaoukaribia. Lakini zilisukumwa karibu na mwisho wa uwezo wa metali zake, na baada ya safari zilivuliwa, zikakaguliwa, zikarudishwa. Kazi hiyo iliajiri maelfu ya watu na bei haikushuka kamwe kama ilivyoahidiwa.

Kijana mmoja tunayefanya naye kazi aliniuliza, tukiwa tumekaa nje ya karakana: "Sasa kaka, ikishatua si wanaijaza mafuta tu inaenda?" Nilimchorea ukuta wa chemba ya mwako chini, kwenye vumbi. Swali lake ni zuri, na jibu lake lote liko kwenye ukuta huo.

Ndani ya chemba ya injini ya metheni na oksijeni, gesi inafika karibu nyuzi 3,300 za Selsiasi. Chuma huyeyuka kwenye 1,538. Shaba huyeyuka mapema zaidi, 1,085, na bado ukuta wa ndani hutengenezwa kwa shaba. Sababu ni kwamba shaba hupitisha joto haraka kuliko karibu metali nyingine zote. Nyuma ya ukuta huo, ambao unaweza kuwa mwembamba kiasi cha milimita moja, kuna vijia vidogo vinavyopitisha mafuta yenyewe yakiwa ya baridi kali kabla hayajaenda kuungua. Joto linavuka shaba na kuchukuliwa na mafuta. Upande mmoja moto wa kuyeyusha kila kitu, upande wa pili baridi ya kugandisha, na katikati milimita moja ya shaba inayotaka kutanuka lakini imebanwa na ganda gumu la nje. Kwa kuwa haina pa kwenda, inajikunja kidogo kuelekea ndani. Injini ikizimwa, haitarudi yote mahali pake. Ukiwasha tena, inajikunja zaidi. Safari baada ya safari ukuta wa kila kijia unavimba na kuwa mwembamba katikati, mpaka unapasuka mstari mrefu na mafuta yanaanza kuvuja ndani ya chemba.

Hakuna uchawi wa kuliondoa jambo hili. Kuna kulipunguza kasi. Shaba tupu hulainika ikipata joto, kwa hiyo NASA, shirika la anga la Marekani, walitengeneza aloi za shaba, kromiamu na niobiamu, ambamo chembe ndogo ngumu zimetawanyika ndani ya shaba na kuizuia isilegee. Aloi hizo, zinazoitwa GRCop, sasa huchapwa kwa leza, tabaka juu ya tabaka, vijia vikiwemo ndani. Zamani vijia vile vilichongwa kimoja kimoja, kisha vikafunikwa, na utengenezaji wa chemba moja ulichukua miezi. Nimevishika vipande vilivyochapwa hivyo vya kazi nyingine za viwandani. Ukipitisha kidole unasikia ukwaru, na fundi lazima ajiulize kama ufa utaanzia pale. Ukaguzi wa ukwaru huo ni elimu nzima peke yake.

Halafu kuna mafuta. Merlin, injini ya Falcon 9, inachoma mafuta ya taa yaliyosafishwa sana. Turbaini yake inaendeshwa na moto mdogo wa pembeni, ambao kwa makusudi hupewa mafuta mengi kuliko oksijeni ili usiwe mkali wa kuyeyusha mapanga. Mwako wa namna hiyo hutoa masizi, na masizi hukaa: kwenye turbaini, kwenye mirija. Metheni haina tabia hiyo kwa kiasi hicho. Ni molekuli ndogo, kaboni moja na haidrojeni nne, na inaungua safi. Isitoshe, hugeuka kimiminika kwenye nyuzi 162 chini ya sifuri, jirani na oksijeni, hivyo matangi mawili yanaweza kukaa yakigusana bila moja kuliharibu jingine. Roketi ya kwanza ya metheni kufika kwenye mzingo ilikuwa Zhuque-2 ya kampuni ya LandSpace ya China, tarehe 12 Julai 2023. Na gesi inayotoka Songo Songo, ambayo imekuwa ikija Dar es Salaam tangu 2004, ile inayowekwa foleni na bajaji na teksi kwenye vituo vya kujazia, karibu yote ni metheni. Kuipeleka kwenye kiwango cha roketi kunahitaji kuisafisha na kuipoza hadi iwe kimiminika, kazi kubwa, lakini molekuli ni ileile.

Neutron inatumia metheni, na injini yake inaitwa Archimedes. Mwanzoni ilipangwa iwe na mzunguko rahisi, ule wa moto mdogo wa pembeni ambao moshi wake unatupwa nje. Mwaka 2022 waliubadilisha: oksijeni yote inapitishwa kwanza kwenye tanuri dogo na metheni kidogo, inakuwa gesi ya moto iliyojaa oksijeni, inazungusha turbaini, kisha inaingia kwenye chemba kuu kumalizia kuungua. Hakuna kinachotupwa. Kwa kuwa gesi inayopita kwenye turbaini ni nyingi mno, haihitaji kuwa na joto kali ili kufanya kazi ileile. Turbaini yenye joto la chini inaishi muda mrefu, na hapo mimi na waliobuni tunaelewana kabisa.

Ila oksijeni ya moto ni kitu cha kuogopwa. Nenda mtaa wa Gerezani hapa Dar es Salaam umtazame fundi anayekata chuma kwa gesi. Anakipasha mpaka kiive kwa rangi ya chungwa, kisha anabonyeza mkono wa oksijeni, na hapo chuma chenyewe kinaungua na kupukutika. Mwali wa mwanzo ulikuwa wa kukiamsha tu. Sasa fikiria mabomba na turbaini ya chuma ambamo ndani yake unapita mto wa oksijeni moto yenye msukumo mkubwa. Chembe moja ya takataka ikigonga kona kwa kasi, ikatoa cheche, injini nzima inageuka kuni. Warusi ndio waliolimudu jambo hili kwanza, kwa aloi za nikeli na mipako kama ya enameli, wakati wahandisi wengi wa Marekani wakiamini haliwezekani. Injini yao ya NK-33, iliyotengenezwa na kiwanda cha Kuznetsov kwa ajili ya roketi ya mwezini ya N1, ilibaki ghalani miaka mingi baada ya mradi huo kufutwa. Miaka ya 1990 Wamarekani wakazinunua baadhi.

Tarehe 28 Oktoba 2014 roketi ya Antares, nayo ya daraja la kati, iliondoka Wallops Island, Virginia, ikitumia injini hizo zilizofanyiwa ukarabati. Sekunde chache baadaye ilianguka karibu na jukwaa lake na kulipuka. Uchunguzi ulionyesha moto ulianzia kwenye pampu ya oksijeni. Kituo cha Neutron kimejengwa Wallops hiyohiyo. Nadhani wahandisi wake hawahitaji kukumbushwa.

Archimedes iliwashwa kwa mara ya kwanza Agosti 2024 katika kituo cha Stennis, Mississippi. Imekusudiwa kutoa msukumo wa kilonewton 733, kama tani 75. Msukumo huo si wa kuvunja rekodi, na hilo ndilo linalonivutia. Peter Beck, mwanzilishi wa kampuni hiyo, amekuwa akieleza kwamba injini imepangwa ifanye kazi mbali na mwisho wa uwezo wake. Katika ulimwengu unaoshangilia namba kubwa, kumwona mbunifu akiacha nguvu mezani kwa hiari yake ili mashine iishi ni jambo la kutia moyo. Ndivyo tunavyowasihi waendeshaji wetu kila siku.

Kwenye mwili wa roketi ndiko watu wamegawanyika. Falcon 9 ina matangi ya alumini iliyochanganywa na lithiamu, yaliyounganishwa kwa msuguano bila kuyeyusha metali. Ni njia ya kati, na imethibitika. Starship, roketi kubwa ya SpaceX, ilianza kwa nia ya kutumia nyuzi za kaboni, kisha kufikia Januari 2019 Elon Musk, mkuu wa kampuni hiyo, akatangaza kugeukia chuma cha pua: ni rahisi, kinachomeleka hata uwanjani, kikipata baridi kali kinaongezeka nguvu, na kwenye joto kinavumilia mbali kuliko alumini, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 660. Zhuque-3 ya China imefuata njia hiyo. Neutron imekwenda upande wa pili kabisa. Mwili wake ni wa nyuzi za kaboni na resini, kipenyo chake chini ni mita 7, urefu mita 43, na nyuzi hulazwa na mashine kubwa inayojiendesha.

Nimelifikiria suala hili sana na bado moyo wangu uko nusu kwa nusu. Kaboni ni nyepesi ajabu, na kila kilo unayoiondoa kwenye hatua ya kwanza inakupa mafuta ya kurudi. Wabunifu wa Neutron waliitumia vizuri: kofia ya juu inayolinda mzigo haidondoki, inafunguka kama mdomo na kubaki na hatua ya kwanza, huku hatua ya pili ikiwa imening'inizwa ndani. Kwa kuwa hatua hiyo ya pili haipigwi na upepo wa safari, inaweza kuwa nyepesi sana. Ni wazo zuri kuliko yote niliyoyaona katika roketi za miaka hii. Lakini kaboni haioneshi maumivu yake. Chuma kikichoka utaona kubonyea, utaona rangi, utapata ufa kwa dawa ya kupenyeza. Kaboni inaweza kuachana tabaka kwa ndani huku juu inang'aa. Resini nayo hulegea kwenye joto ambalo chuma hakilihisi. Novemba 1999 tangi la X-33, chombo cha anga cha majaribio cha Marekani, la kaboni na la kubebea haidrojeni, lilipasuka kwa sababu gesi ilijipenyeza kupitia vijiufa ndani ya kuta zake, na mradi mzima ukafutwa 2001. Tarehe 1 Septemba 2016 Falcon 9 ililipuka ikiwa bado jukwaani, inajazwa mafuta, pamoja na setilaiti ya AMOS-6. Chanzo kilikuwa mitungi ya heliamu iliyozungushiwa nyuzi za kaboni: oksijeni ilinaswa kati ya kaboni na alumini ya ndani, na pale ndipo moto ulipoanzia. Kwa hiyo atakayelirusha tangi la kaboni lenye oksijeni mara ya kumi na mara ya ishirini anahitaji ukaguzi wa mawimbi ya sauti ulio makini kuliko wa ndege.

Mfano mdogo wa jinsi chaguo la metali linavyobadilisha mambo ni mapezi yanayoiongoza Falcon 9 inapoanguka. Yalikuwa ya alumini yenye rangi ya kukinga moto, na mara nyingine yalirudi yameliwa. Juni 2017 wakaweka ya titani. Ni ghali, ni magumu kutengeneza, na baada ya hapo hayakuhitaji tena kupakwa wala kubadilishwa kila safari. Gharama kubwa siku moja, usumbufu ukaisha.

Kuna anayeuliza haya yote yanatuhusu nini sisi wa Dar es Salaam. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilikuja hadi Mafia, na tulikifuatilia kwa setilaiti siku kadhaa kabla hakijafika. Mwezi huohuo nyaya mbili za chini ya bahari zilikatika na nchi ikakaa na intaneti ya kusuasua. Onyo la kimbunga, na intaneti ya setilaiti ya kushika nafasi ya nyaya, vyote viwili vinategemea nani anaweza kupeleka tani ngapi juu na kwa bei gani. Pwani yetu pia si mgeni. Tunguu, Unguja, palikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya Mercury, mradi wa Marekani wa kupeleka watu angani, na mwanaanga John Glenn alipita juu yake Februari 1962. Huko Malindi, kwenye majukwaa ya San Marco ya Waitaliano, ilirushwa Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza eksirei zitokazo anga za mbali, tarehe 12 Desemba 1970. Ilibebwa na roketi ya Scout, ambayo haikuwa na kitu cha kurudi. Karibu na ikweta dunia inakupa msukumo wa bure wa mita 460 na ushee kwa sekunde, dhidi ya kama 408 za Florida, na mashariki yetu yote ni bahari.

Hata hivyo simo katika kundi la wanaoanza na jukwaa la kurushia. Jukwaa linaweza kukodishwa kwa wageni na sisi tukabaki kuwa walinzi wa geti. Ningependa tuanze na metali. Tuna mitambo ya gesi inayochosha mapanga yake kila wiki, tuna metheni, tuna mafundi wa boti za faiba wanaojua resini inavyokataa kushika unyevunyevu ukizidi, tuna vyuo vya uhandisi. Tunachokosa ni mazoea ya kukata kipande kilichochakaa, kukisugua, kukiweka chini ya hadubini na kuandika tulichokiona. Mapanga yaliyotolewa kwenye turbaini mara nyingi yanaishia kwenye vyuma chakavu, na kila moja limebeba historia kamili ya joto na kuchoka ambayo mwanafunzi angeisoma muhula mzima.

Vijana wa DIT, taasisi ya teknolojia ya hapa Dar es Salaam, na wa Chuo Kikuu wanaoniuliza waanzie wapi nawaambia hivi: tafuta kipande cha shaba, kibane pande zote kwenye fremu ya chuma, kipashe moto upande mmoja na maji yapite upande wa pili, kisha kipoeze. Rudia. Pima unene kila baada ya mizunguko kadhaa na uandike. Vifaa vyote hivyo vinapatikana Kariakoo na Gerezani, isipokuwa hadubini ya metali, na hiyo vyuo vinaweza kuifungulia mlango. Ukuta ukianza kuvimba, linganisha na aloi nyingine, badilisha kasi ya maji, na uone ni kipi kinachouongezea maisha.